Kikundi cha Ngoma si Pambo la Kupokelea Wageni



Msomi wa mjini akitajiwa kikundi cha sanaa za maonyesho, aghalabu huona mawazoni mwake jumba lenye pazia, viti vilivyopangwa safu kwa safu, mkata tiketi mlangoni, na watu waliotulia tuli wakingoja taa zizimwe. Kwa kipimo hicho vijiji vya Bariadi havina kikundi cha maonyesho hata kimoja, na vya Maswa, Meatu, Itilima na Busega navyo havina. Lakini kipimo chenyewe ni cha kuazima. Kililetwa na wakoloni waliojenga majumba ya michezo Dar es Salaam na Nairobi kwa ajili ya kujiburudisha wao kwa wao, na kasumba ya kukitumia imebaki hata baada ya wenyewe kufunga mizigo yao na kuondoka.

Mkoa wa Simiyu ni mchanga kwa jina tu. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao makuu yake yakawekwa Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni mbili, walio wengi wakiwa Wasukuma, wakulima wa pamba, mahindi na mtama, na wafugaji wa ng'ombe. Kwa upande wa sanaa, eneo hili pamoja na Usukuma wote limekuwa na vikundi vyake vya maonyesho tangu karne ya 19, vyenye viongozi, taratibu, mafunzo, mavazi na vyombo, na zaidi ya yote vyenye hadhira kali isiyopendelea mtu.

Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba katikati ya karne hiyo waliishi mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Kila mmoja alijigamba kuwa ndiye bingwa, wakapimana kwa kuwachezea watu, na tangu hapo Usukuma ukagawanyika pande mbili za ngoma: Bagika na Bagalu. Mgawanyiko huo haukuwa wa ukoo wala wa utemi. Mtu na ndugu yake waliweza kuwa pande mbalimbali, wakala chakula kimoja asubuhi na kutupiana nyimbo za kejeli jioni.

Sharti la mashindano ya Bagika na Bagalu humshangaza mgeni. Vikundi viwili havipokezani jukwaa. Hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi ya alama. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake: akichoshwa na huyu huenda kwa yule, akisikia kicheko upande wa pili hukimbilia huko, na manju aliyekuwa akiimbia umati saa moja iliyopita hujikuta akiimbia watoto na mbwa. Msimu wenyewe ni baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, wakati ghala lina chakula na mkulima ana nafasi. Huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha kituo kilichokuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma, mashindano ya namna hii yamefungamanishwa na sikukuu ya Bulabo.

Ubunifu wa vikundi hivi ulizaliwa na sharti hilo. Asiyekuwa na jipya hana watu. Ndipo wakaingia uwanjani na chatu waliofugwa, nungunungu, hata fisi. Ndipo wakachonga sanamu za mbao zenye mikono inayochezeshwa. Ndipo manju akalazimika kutunga wimbo kuhusu jambo lililotokea kijijini juzi, kwa kuwa wimbo wa mwaka jana hauzuii mtu kuondoka. Mwenye kutafuta mwanzo wa mchezo wa kuigiza katika nchi hii, wenye wahusika, mgogoro na mabishano na hadhira, hana haja ya kwenda Ulaya kuutafuta.

Yafaa sasa itazamwe namna kikundi kama hicho kinavyokua, maana hapo ndipo penye fundisho ambalo maofisa wa utamaduni wengi hulipita. Kikundi cha Usukuma hakikuanza kwa watu kukaa chini na kuamua kuwa wasanii. Kilianza kwa kazi. Banunguli walikuwa chama cha wawindaji wa nungunungu, mnyama anayefukua mashamba usiku na kula alichopanda mkulima. Bayeye walikuwa wajuzi wa nyoka na dawa za sumu yake, katika nchi ya mbuga na nyasi ndefu ambako kung'atwa ni jambo la kawaida. Jirani aliwahitaji watu hawa kabla hajawashangilia. Nyimbo zao zilikuwa za kufundishana, za kutiana moyo, za kuwakumbuka waliotangulia. Ngoma yao ilikuwa njia ya kuwaonyesha watu kazi wanayoifanya porini, mahali ambapo hakuna macho.

Kilimo cha pamba kilipopanuka katika karne ya 20, hasa miaka ya 1950, mashamba yakawa makubwa kuliko nguvu za familia moja. Jembe likachukua nafasi ya mkuki. Vijana waliokwisha kuzoea kufanya kazi kwa jumuiya, chini ya kiongozi wao aitwaye nsumba ntale, wakaunda makundi ya kulima kwa ngoma, na humo ikashamiri Bugobogobo, ngoma ya jembe inayojulikana leo nchi nzima. Mwenye shamba hupeleka ombi kwa kiongozi wa kikundi, wakaafikiana siku na ujira. Alfajiri kikundi hufika na ngoma zake. Wapigaji husimama mbele ya wakulima, wakulima hujipanga mstari mmoja, na jembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mvivu hujulikana mara moja kwa kuwa jembe lake limechelewa mdundo, na manju hana haja ya kumgombeza. Humtia katika wimbo. Jua likikaa juu ya kichwa kazi imekwisha, chakula kimeiva, na baadhi ya vijana hurusha majembe hewani na kuyadaka kwa madaha. Ujira, ukiwa ni fedha au mnyama wa kuchinja, ni wa kikundi. Aliyechelewa hutozwa faini. Mwanachama naye, akizidiwa na palizi lake, hulimiwa kwa zamu.

Kwa hiyo mazoezi, mtaji na watazamaji wa kikundi vilipatikana mahali pamoja, shambani. Kikundi hakikuomba msaada ili kiishi, na hakikumlilia mtu apende sanaa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na katika Usukuma methali hiyo ilikuwa na maana ya kawaida kabisa ya mbuzi, ng'ombe na debe la mtama.

Wakoloni waliligundua jambo hili wakiwa wamechelewa. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilikizuia chama hicho kufungua matawi Usukuma, na zuio hilo likadumu hadi mwaka 1958. Katika miaka hiyo hiyo wakulima walikuwa wakijenga ushirika wao wa pamba, ambao mwaka 1955 ulifikia kuundwa kwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na jina la Paul Bomani likavuma. Mkutano wa siasa uliweza kukatazwa kwa barua ya bwana shauri. Kukataza watu wasilime wakiimba lilikuwa jambo jingine. Nyimbo za vikundi vya kulima zilikuwa miongoni mwa njia ambazo habari za mizani ya pamba, za ushirika na za uhuru zilisafiri kutoka shamba hadi shamba.

Uhuru ulipopatikana, taifa lilitaka kurudisha heshima ya utamaduni uliokuwa umedharauliwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1963 kikaanzishwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Vyuoni nako kukachemka: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960, na baada ya vikundi vya taifa kuvunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981. Bugobogobo ikafundishwa kwa vijana wa kila kabila. Hilo lilikuwa jema, na asiyelikiri anasahau ngoma hizi ziliitwaje na wamisionari wengi pamoja na walimu wa shule za kikoloni.

Lakini jukwaa la taifa lilikuwa na gharama yake. Jembe la jukwaani haligusi udongo. Ngoma iliyochukua asubuhi nzima shambani hukatwa ikawa ya dakika chache, na kinachokatwa kwanza ni maneno. Hubaki mdundo, mavazi na majembe yanayorushwa. Desturi ikajengeka, na ingali imara, kwamba kikundi cha ngoma huitwa pale anapokuja mgeni. Wasanii hufika asubuhi na mapema, hupangwa kando ya barabara au karibu na uwanja, na hungoja juani. Msafara ukiwasili ngoma hulia, mgeni hutikisa kichwa kwa furaha, hupunga mkono, hupita, na shughuli huanza. Yaani mambo yote yaliyokwisha tangu alfajiri hayakuwa shughuli. Pengine manju alikuwa na beti zake kuhusu mbegu zilizochelewa au dawa ya wadudu isiyoua wadudu. Zilisikika kama mapigo ya ngoma tu, tena kwa Kisukuma, na hakuna aliyeagizwa kumfasiria mgeni.

Kwamba mambo yanaweza kuwa vingine si ndoto. Mpakani mwa Simiyu, katika Wilaya ya Kwimba, upo mji mdogo wa Malya, juu ya reli ile ile ya Mwanza inayopita Malampaka wilayani Maswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walifika hapo wasanii na walimu wa Chuo Kikuu, miongoni mwao Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Hawakuja na tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni matatizo gani yanayowasumbua, wakachambua pamoja nao sababu zake, kisha wakazi wenyewe wakayatengenezea maonyesho kwa sanaa walizokuwa nazo. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni wasichana kupata mimba wakiwa wadogo, jambo ambalo kijiji kizima kililijua na ambalo mkutano wa kawaida ulikuwa ukilipita kwa aibu. Onyesho lilipokwisha watu hawakutawanyika. Walijadiliana: nani anawapa mimba, wazazi wako wapi, vijana wasio na kazi wafanye nini.

Ipo sababu kwa nini sanaa iliweza kufungua mlango ambao hotuba ilishindwa. Mzazi akisimama mkutanoni kumtaja mwenye kosa, ameanzisha ugomvi wa familia mbili. Mwigizaji akimvaa mwenye kosa asiye na jina, kila mtu hucheka, na katikati ya kicheko yupo mmoja asiyecheka. Usukuma unayo hata ngoma ya kukaa, Wigashe, ambayo jina lake lenyewe latokana na kuketi. Waimbaji huimba wamekaa, na maneno ndiyo hutangulia mbele ya miguu. Ngoma ya namna hiyo haifai kumpokelea mgeni barabarani. Inafaa sana kuzungumza jambo zito.

Na jambo zito kweli huogopwa. Kule Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi na mwaka 1977 wakacheza kwa Kigikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Baada ya wiki chache serikali iliupiga marufuku. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kwa miaka mingi mwandishi huyo alikuwa akiandika kwa Kiingereza bila kufungwa. Kikundi kidogo cha wanakijiji wanaosema kwa lugha yao mbele ya jirani zao ndicho kilichoonekana hatari.

Hapa Tanzania vikundi havikubomolewa. Vilinunuliwa, tena kwa bei ndogo. Tangu miaka ya 1990 mashirika mengi yenye fedha yameona kuwa ngoma na michezo ya kuigiza ni njia rahisi ya kupeleka ujumbe vijijini. Leo ujumbe ni wa chandarua, kesho wa ukimwi, keshokutwa wa vyoo. Ujumbe wenyewe mara nyingi ni mwema na umeokoa maisha. Ila huja umekwisha kuandikwa, na kikundi hulipwa kwa kuukariri. Anayelipa hamuulizi manju kijiji kinaumwa nini. Kikundi kikizoea hali hiyo kwa miaka michache hupoteza mazoea ya kutunga, na mradi ukifungwa hakuna anayejua kwa nini kikundi kiliundwa. Miji mikubwa nayo ilikuwa na njia yake: Muungano na, tangu mwaka 1992, Tanzania One Theatre vilikua kwa kuchanganya taarabu, muziki, ngoma na vichekesho katika onyesho moja kwenye kumbi za vinywaji, na ushindani wao ulijaza watu. Kijiji cha Itilima hakina ukumbi wa bia wa kujaza watu kila Jumamosi, na kukitaka kikundi chake kifuate njia hiyo ni kukihukumu kife.

Lisifichwe, hata hivyo, kwamba vikundi vyenyewe vina doa lao. Tangu enzi za Ngika na Gumha, ushindi katika ngoma umehesabiwa kuwa kazi ya dawa sawasawa na kazi ya sauti. Manju hutafuta samba, dawa ya kuvuta watu, na mpinzani wake hutafuta ya kumzuia. Anayeugua wakati wa msimu hujiuliza ni nani aliyemwendea. Kwa mashindano ya kirafiki jambo hili laweza kuchukuliwa kuwa bwembwe za mchezo. Lakini imani hiyo hiyo, ikitoka uwanjani na kuingia nyumbani, imeua watu. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini, na tangu mwaka 2007 taifa limeshuhudia mauaji ya ndugu wenye ualbino kwa tamaa ya viungo vyao. Januari mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Askari aweza kumkamata mpiga ramli. Hawezi kumkamata jirani anayeamini kimoyomoyo kwamba mama mkwe wake ndiye aliyeua mtoto.

Hapo kikundi kidogo kina kazi ambayo hakuna chombo kingine kinachoiweza, na kazi hiyo itakigharimu. Ataimbaje manju kwamba dawa haimpi mtu mali wala haimwondolei mwingine uhai, ikiwa jioni ile ile amefunga hirizi kiunoni apate kumshinda mpinzani? Watazamaji wa Usukuma wana macho, watamwuliza. Kikundi kitakachoingia uwanjani bila dawa na kutangaza kuwa hakina, kikacheza, kikaimba juu ya bibi kizee aliyesingiziwa, kisha kikavuta watu kuliko wenzake, kitakuwa kimetoa somo ambalo semina nyingi hazijawahi kulitoa. Kikishindwa siku hiyo, somo litakuwa limeahirishwa, na wapinzani watacheka msimu mzima. Ndiyo hatari ya kazi hiyo, na si haki kumsukumia manju peke yake huku viongozi wa kijiji wakitazama kwa mbali.

Kipo basi kinachoweza kufanywa pasipo bajeti mpya. Mkutano mkuu wa kijiji wa baada ya mavuno uanze na onyesho la kikundi cha hapo hapo, kwa muda wa kutosha maneno yasikike hadi mwisho, na hoja ya kwanza ya mkutano iwe ile iliyotolewa na onyesho. Halmashauri zinapoalika vikundi katika sherehe, zilipe kazi hiyo kama zinavyomlipa mwenye vipaza sauti. Soda moja na asante haviwambi ngoma iliyopasuka. Afisa utamaduni awe na daftari ambamo nyimbo mpya za kila msimu zinaandikwa kwa Kisukuma na kufasiriwa kwa Kiswahili, ili mgeni asiyejua lugha apewe maneno mkononi kabla ngoma haijalia. Na mashirika yenye ujumbe yakubali kwamba nusu ya onyesho wanalolilipia ni mali ya kijiji, itamke kijiji kinachotaka kutamka.

Viwanja vipo. Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, iliandaa sherehe za kitaifa za Nane Nane kwa miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, na wakulima kwa maelfu walipita hapo wakitazama mbegu, matrekta na mifugo. Uwanja mpana kama ule unatosha kwa Bagika na Bagalu kucheza wakati mmoja kwa sharti lao la kale. Wageni waheshimiwa itawabidi watoke chini ya turubai, kwa maana aliyeketi kwenye kiti cha mbele hawezi kupiga kura kwa miguu.